Sinagogi la Nairobi: lango lifunguliwe au tuliache lilivyo?

Mwanzisha mada:
Naleta hoja. Sinagogi lililo kwenye kona ya University Way na Uhuru Highway liwe na siku ya kupokea wananchi, hata mara moja kwa mwezi. Mimi nasema ndiyo.

Miaka nenda miaka rudi nimepita pale nikielekea Westlands, nimeshikilia chuma cha matatu, nikiona ukuta na lango tu. Siku moja nikamuuliza makanga pale ni nini. "Kanisa la Wayahudi," akasema, "lakini hata kuimba sijawahi kuwasikia." Hiyo ndiyo elimu tuliyonayo, jamani.

Jiwe la msingi la sinagogi la kwanza liliwekwa 1912, reli ikiwa na miaka 13 tu tangu ifike hapa. Jengo la sasa ni la miaka ya 1950. Abraham Block, Myahudi mzaliwa wa Lithuania, aliingia nchini 1903 akitokea Afrika Kusini, na kufikia 1927 akainunua Norfolk, hoteli ambayo kutoka hapo unaiendea kwa miguu. Israel Somen, Myahudi pia, alikuwa meya wetu 1955 hadi 1957. Huwezi kusimulia Nairobi ukawaruka hawa.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu, Norfolk hiyohiyo unayoitaja, bado ikiwa ya familia ya Block, ililipuliwa kwa bomu usiku wa 31 Desemba 1980. Novemba 2002 ikawa zamu ya hoteli ya Waisraeli kule Kikambala, pwani, na waliokufa wengi walikuwa Wakenya wenzetu. Lango lile halikufungwa kwa kiburi. Isitoshe, ile ni nyumba ya ibada. Watu wanakwenda kusali Sabato yao, wewe unataka kuingia na simu kupiga picha?

Mchangiaji wa pili, Eldoret:
Nyinyi mnabishania lango, sisi huku tunauliza ardhi. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapendekezea Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao, makao Uasin Gishu. Wakauita Mpango wa Uganda, na ardhi yenyewe iko Kenya! Mkutano wao wa Basel, Uswisi, ukapiga kura 295 kwa 178 kutuma watu waje kukagua, kisha 1905 wakakataa. Walowezi wa Kizungu walipiga kelele, wakasikika. Mnandi na Mmaasai nani aliwauliza? Mkifungua, simulizi ianzie hapo. Kama ni ya kunywa chai na kusifu madirisha, msinihesabu.

Mwanzisha mada:
Mzee wa Eldoret, hilo sibishi, na lisemwe ndani ya lango lenyewe. Ongeza na Gilgil: 1947 Mwingereza aliwaleta pale Wayahudi waliompiga vita kule Palestina, akawazuia kambini hadi 1948. Miaka minne baadaye akaanza kujaza kambi kwa wana wetu. Mimi nimesoma hadi chuo kikuu, ng'ambo ya barabara kutoka sinagogi, na hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia.

Na wewe wa usalama, umenishika, nakiri. Ila sikusema watu wamiminike. Nasema watu kumi, waliojiandikisha mapema, kitambulisho kiachwe getini, simu zibaki nje, na isiwe Jumamosi. Msikiti wa Jamia pale mjini unavua viatu, unaonyeshwa, unatoka na heshima zako. Hapo hatari iliyobaki ni ipi? Nijibu hilo kwanza.