Je, daktari wa akili humwona mshtakiwa wa kike kwa jicho lingine?

Mkufunzi wa Tabora: Ndugu zangu, nafundisha wasaidizi wa kisheria. Mahakama ikitilia shaka akili ya mshtakiwa wa mauaji, humpeleka hospitali ya akili ya Isanga, Dodoma, akachunguzwe, na taarifa ya daktari huwa na uzito mkubwa. Ninachosikia ni kwamba mwanamke aliyeua "aliugua", ilhali mwanamume aliyetenda vilevile ni "katili". Je, upendeleo huo umo katika taarifa zenyewe, au ni maneno ya mtaani tu?

Wakili, Kigoma: Mwalimu, tutenganishe sheria na mtazamo. Kanuni ya Adhabu humtofautisha mama anayemuua mwanawe aliye chini ya miezi 12 kabla akili yake haijatulia kutokana na uzazi au kunyonyesha. Huyo huadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Wazo hilo tulilirithi kwa Waingereza, waliolitungia sheria mwaka 1922 na kuipanua mwaka 1938. Nje ya kosa hilo, kipimo cha wazimu ni kimoja kwa wote: je, ugonjwa ulimfanya asielewe analotenda, asijue kwamba hapaswi kulitenda, au ashindwe kujizuia?

Muuguzi wa afya ya akili: Kipimo ni kimoja, lakini wanaokitumia ni watu. Mwaka 1989, Ford na Widiger wa Marekani waliwapa wanasaikolojia maelezo yaleyale ya mgonjwa huku wakibadilisha jinsia tu. Mwanamke alipewa kwa urahisi zaidi jina la ugonjwa wa tabia ya kutafuta kutazamwa, na mwanamume la ugonjwa wa tabia ya kukiuka haki za wengine. Wengine walipotakiwa kupima dalili mojamoja tu, upendeleo haukuonekana. Uliingia kwenye jina la ugonjwa. Kwa hiyo taarifa inayotaja jina la ugonjwa bila kueleza kilichoonekana na kusikika haitoshi, hata ikiwa na mhuri.

Mkufunzi wa Tabora: Basi mwanamke ananufaika?

Wakili, Kigoma: Si lazima, Mwalimu. Anayeonekana alitenda kosa akiwa na wazimu haendi nyumbani. Huzuiliwa hospitalini mpaka amri ya kumwachia itolewe, bila kujua tarehe, tofauti na mfungwa mwenye kifungo cha miaka inayohesabika. Tena, akisema alikuwa akipigwa na mumewe kwa miaka mingi, maelezo hayo huweza kuandikwa kama sehemu ya ugonjwa wake badala ya kuchunguzwa kama ushahidi. Mwanamume naye, kwa kuwa hakulia wala kulalamika, sonona yake hupita bila kuulizwa. Mimi humuuliza daktari kizimbani aeleze kila dalili aliiona lini na kwa njia gani, kisha namuuliza kama angeandika hivyohivyo iwapo mshtakiwa angekuwa wa jinsia nyingine.