Kufundisha haki ya jamii Kidato cha Pili: nianzie wapi?

Swali: Walimu wenzangu, habari. Nina wanafunzi 45 na vipindi viwili vya dakika 40. Sitaki wakariri vifungu vya Katiba ya Kenya ya 2010 kisha wasahau. Nifanyeje?

Jibu 1: Anza na maji, neno "haki" liweke kando kwanza. Siku moja kabla, kila mwanafunzi aulize nyumbani: mitungi mingapi ya lita 20 kwa siku, shilingi ngapi kwa mtungi, na nani huchota. Darasani, makundi 9 ya watano wakokotoe. Mitungi 3 kwa watu 6 ni lita 10 kila mtu. Jedwali likishajaa ubaoni ndipo usome Kifungu cha 43(1)(d): maji safi na salama, ya kutosha. Waache wabishane hapo kwenye "ya kutosha". Safu ya anayechota itazua mjadala wa jinsia yenyewe.

Jibu 2: Karatasi za majibu ya nyumbani zisiwe na majina, tafadhali. Anayenunua maji ya mkokoteni atachekwa hadi muhula uishe. Na yale maigizo ya kubagua nusu ya darasa ili waonje ubaguzi, achana nayo. Wengine hucheka, wengine huumia kweli.

Jibu 3: Somo hili huharibika likiishia kwenye huruma. Kipindi cha pili kiwe cha "nani anaamua?" Huduma za maji ni jukumu la kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Waiandikie kaunti barua moja fupi ya kuomba taarifa kwa kutumia Kifungu cha 35, kile cha haki ya raia kupata taarifa za serikali: mradi upi, bajeti kiasi gani, mwaka upi. Wakiuliza "mbona hatuna maji?" watajibiwa porojo.

Muuliza swali: Shukrani. Safu ya "nani huchota" sikuwa nimeiwaza.