Msaada: kielelezo ni nyama mbichi na mahakama iko mbali, tufanyeje kesi isianguke?

Doria_Magharibi
Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kwa walioko kwenye uhifadhi, polisi na sheria. Doria yetu ni ya miguu, upande wa magharibi wa Serengeti, karibu kabisa na mpaka wa vijiji. Nyumbu wakipita tunakuta mitego ya nyaya, na mara nyingine tunakamata watu wakiwa na nyama. Kituo cha polisi kiko mbali, mahakama iko mbele zaidi, na mto ukijaa gari halivuki. Kesi zinaanguka mahakamani kwa sababu ya vielelezo na makaratasi, watu wanarudi porini. Naomba kujua: mtego wenyewe tuutoe vipi? Nyama inayooza tuifanyeje kisheria? Tukikuta mnyama bado yu hai ndani ya waya? Na mtuhumiwa akiumia wakati wa kukamatwa?

Mzee_wa_Nyayo
Salamu mkuu. Nijibu hilo la mtego, maana hapo ndipo wengi wanaharibu kabla karatasi hazijaandikwa.

Anayeuona wa kwanza asimame na ainue mkono, wote wasimame. Msiikanyage njia ya wanyama, kwa sababu mtegaji naye amepita hapo na nyayo zake ziko kwenye vumbi hilo hilo. Zungukeni pembeni. Zipigwe picha tatu: ya mbali inayoonyesha mti na vichaka, ya kati, na ya karibu yenye rula kando ya kitanzi. Mwingine aandike saa na namba za GPS kwenye daftari lenye kurasa zilizoshonwa. Karatasi za kuchana wakili atauliza nyingine ziko wapi.

Waya usiukate kwenye fundo. Kila mtegaji ana mkono wake wa kufunga, na fundo hilo linaweza kulinganishwa na mitego mingine aliyokutwa nayo. Nyaya nyingi zinatoka kwenye matairi yaliyochomwa. Utaona masizi yamebaki katikati ya nyuzi na kutu ya rangi ya chungwa kwa nje. Fungua upande uliofungwa kwenye mti. Ikishindikana kata huko huko, halafu zungushia plasta ncha uliyoikata wewe ili isichanganywe na ncha aliyoikata yeye. Hilo ni dogo lakini mtaalamu akiulizwa kama ncha ya mtego inalingana na bando lililokutwa kwenye begi, ana kitu cha kusema.

Mitego iliyokutwa na mtuhumiwa au aliyoonekana akiikagua iwe na gunia lake. Mingine mliyoikusanya siku hiyo iwe na gunia la pili. Ukichanganya, yote inapoteza uzito.

Kuhusu GPS: angalia mpangilio wa kifaa. Ramani za zamani za 1:50,000 za Tanzania zimechorwa kwa Arc 1960, vifaa vingi vinasoma WGS84; hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kuhesabu namba za mahali. Tofauti yake ardhini inafika kama mita 300. Ndani kabisa ya hifadhi haina shida. Kwenu mpakani, mita 300 ndizo zinazoamua kama mtu alikuwa hifadhini au shambani kwake. Andika mfumo uliotumia kando ya namba.

Kazi_Iendelee_Porini
Mnajipa kazi bure. Nyama pigeni picha, chomeni hapo hapo, nendeni na mtuhumiwa na picha. Inatosha.

Wakili_wa_Mashtaka
Haitoshi, na ushauri huo ndio unaowaachia watu. Soma PGO (kanuni za kazi za polisi) namba 229 aya ya 25: kielelezo kinachooza kinapelekwa mbele ya hakimu pamoja na mtuhumiwa, hakimu akione na atoe amri ya kukiteketeza, na inapowezekana kipigwe picha kabla ya kuteketezwa. Mahakama ya Rufani katika Rufaa ya Jinai Na. 385 ya 2017 iliitupa fomu ya inventori (ile ya kuorodhesha kielelezo kinachooza na kuomba amri ya kukiteketeza) kwa sababu mtuhumiwa hakuwepo wakati amri inatolewa wala hakupewa nafasi ya kusema. Nyara, yaani mnyama au sehemu yake, ilikuwepo, hakimu alisaini, kesi ikaanguka.

Sasa utaratibu. Papo hapo mlipomkamata, jazeni hati ya ukamataji: kila kitu kwa idadi na maelezo yake. Usiandike "nyama ya porini". Andika "mguu wa nyuma wa nyumbu, mmoja, una ngozi na kwato". Mtuhumiwa asaini, asiyejua kuandika aweke dole gumba, na askari walioshuhudia wasaini hapo hapo. Hati iliyojazwa kituoni usiku kwa kalamu nyingine inaonekana tu. Porini hakuna mjumbe wa kumuita, mahakama inalielewa hilo. Lakini mkiingia nyumba ya mtu kijijini bila hati ya upekuzi, sheria ya wanyamapori inataka shahidi huru awepo.

Kisha kila anayepokea kielelezo aandikwe: nani kampa nani, tarehe, saa, kikiwa kimefungwaje. Huo ndio mnyororo uliosisitizwa kwenye Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007. Pembe za ndovu si rahisi kubadilishwa, mahakama hulegeza kidogo. Nyama, ambayo haina alama yoyote, haipati huruma hiyo. Polisi wakipokea, hakikisheni imeingia kwenye rejesta ya vielelezo ya polisi, PF16, na ina lebo ya kielelezo, PF145, na nyie mnakili namba ya rejesta kwenye daftari lenu.

Anayetambua nyama na kutoa hati ya thamani awe afisa mwenye sifa kisheria, si yeyote aliyekuwa zamu. Na asiseme tu "ni nyumbu". Aeleze amejuaje: mkia wenye manyoya meusi marefu kama ya farasi, umbo la kwato, rangi ya ngozi. Kwa hiyo nyie msitenganishe kichwa, mkia, kwato na ngozi na nyama. Minofu mitupu bila kiungo chochote ni kesi ngumu, na kimoro, yaani nyama ya porini iliyokaushwa, kwenye kichanja ni kigumu zaidi.

La mwisho upande wangu: makosa ya nyara yanaangukia pia Sura ya 200, uhujumu uchumi. Mahakama ya chini haiwezi kuyasikiliza bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka na hati ya kuipa mamlaka. Jalada likichelewa kwenu, hivyo navyo vinachelewa.

Doria_Magharibi
Asante sana wakili. Je, tukiikausha nyama ili ifike? Na hakimu lazima awe yule atakayesikiliza kesi?

Wakili_wa_Mashtaka
Msiikaushe, mtakuwa mmebadilisha kielelezo. Ifikisheni kama mlivyoikuta. Hakimu si lazima awe atakayesikiliza kesi, kwa hiyo pigeni simu mapema mjue aliye karibu yupo. Maelezo ya onyo, yale anayoandikwa mtuhumiwa baada ya kuonywa haki zake, waachieni wapelelezi: yana saa 4 tangu kukamatwa, muda wa safari hauhesabiwi, ila lazima mweze kueleza safari hiyo ilienda vipi. Ndiyo maana saa ya kuondoka na saa ya kuvuka mto ziwe kwenye daftari.

Mganga_wa_Nyika
Naongezea la usafiri. Nyama ikifungwa kwenye nailoni inatoa jasho na kuoza haraka zaidi. Tumieni gunia la katani au la viazi linalopitisha hewa, kivulini, lisilale kwenye bati la gari lenye joto. Gunia lifungwe kwa lakiri yenye namba.

Mnyama aliye hai: msimsogelee na msimzunguke. Waya ukikatika upande wa mti, nyati anakuja moja kwa moja. Hata asipokuja, mnyama anayepigana na waya huku watu wamemzunguka misuli yake inapata joto na kuharibika. Anaweza kufunguliwa akaondoka vizuri kisha akafa baada ya siku chache. Rudini nyuma, upande ambao upepo haupeleki harufu yenu kwake, mbaki wawili wa kuangalia, wengine wakae mbali kimya. Mpigieni daktari wa wanyamapori mkimpa vitu hivi: ni mnyama gani, ukubwa wake, waya uko shingoni au mguuni, amesimama au amelala, na gari linaweza kufika umbali gani.

Dawa ya usingizi, etorfini, ni ya daktari peke yake. Tone dogo likiingia kwenye jeraha au jicho la mtu linaweza kumuua, ndiyo maana daktari makini huja na dawa ya kuipindua kwa ajili ya binadamu na humweleza mwenzake ilipo kabla ya kujaza sindano. Mnyama akilala, kazi yenu ni kumfunika macho, kumwagia maji akiwa na joto, kumlaza nyumbu au nyati kwa kifua siyo ubavu ili tumbo lisijae gesi, na kukata waya kwa koleo refu. Twiga habaki amelala kwa dawa. Anapinduliwa mara tu akianguka na anashikwa kwa nguvu za watu, kwa hiyo hesabuni watu kabla.

Mkikuta mzoga usio na jeraha wala waya, damu isiyoganda inatoka puani au nyuma, msiupasue wala msiuburute. Huenda ni kimeta, ugonjwa hatari unaoambukiza hata binadamu.

Dada_wa_Huduma_ya_Kwanza
Kwa mtuhumiwa aliyeumia: uokoaji kwanza, karatasi baadaye. Mwondoeni silaha, kisha angalieni damu. Jeraha la mguu au mkono linalotoa damu kwa kasi na halikomi kwa kukandamizwa, fungeni mkanda wa kuzuia damu sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Kazeni mpaka damu ikome kabisa. Kosa linalojirudia ni kukaza nusu: mshipa unaoirudisha damu unafungwa, unaoileta haufungwi, damu inazidi. Andikeni saa kwenye paji la uso au kwenye mkanda, na msiulegeze njiani. Lengeni kumfikisha kwa daktari ndani ya saa 2. Kamba ya kiatu au waya visitumike, vinakata nyama. Kitambaa cha upana wa vidole vitatu na kijiti cha kunyonga kitafaa kama hamna mkanda.

Pingu mkono wenye jeraha hapana. Aliyefungwa mikono nyuma asilazwe kifudifudi kwenye gari, anashindwa kupumua hasa barabara ikiwa mbovu. Apewe maji kama hana jeraha la tumbo. PF3, fomu ya polisi ya matibabu, mtaichukua polisi, lakini damu haingoji fomu.

Na kumpiga mtu aliyekwisha kukamatwa ni kosa la jinai la askari mwenyewe. Kila jeraha alilokuja nalo liandikwe na lipigwe picha mbele yake kabla ya kupanda gari, ili lililotokea kabla yenu lijulikane, na lililotokea mikononi mwenu nalo lijulikane.

Mzee_wa_Nyayo
Doria_Magharibi, kimoja kilichobaki. Mkiamua kuacha mitego na kuvizia mtegaji, kiongozi aweke mwisho: alfajiri ikifika hajaja, tegueni yote. Wakati mnavizia, mitego inaendelea kunasa. Kila mtego ulioachwa makusudi uandikwe na aliyeamua aandikwe, maana mahakamani mtaulizwa kwa nini waya ulioonekana jioni ulitolewa asubuhi.