Tupeane uzoefu: jina la kadi ya mtandao limehama kwenye Linux

Fundi_Birere
Kompyuta nyingi za okazi (zilizokwishatumika) hapa Goma hufunguliwa na kuongezewa kitu kabla ya kuuzwa: diski ya NVMe, kadi ya picha, kadi ya pili ya mtandao. Baadaye Linux inawaka vizuri, taa za kebo zinacheza, lakini mtandao hakuna, na mteja anaambiwa kadi imeungua. Mara nyingi kadi ni nzima, jina lake ndilo limehama. Anayejua chanzo na dawa aviweke hapa, pamoja na amri zenyewe.

Naanza na kupima. `ip -br link` inaonyesha majina yaliyopo sasa. `dmesg | grep renamed` itatoa mstari kama `enp4s0: renamed from eth0`. Kisha lisake jina la zamani: `grep -r enp3s0 /etc`. Kila faili litakalotajwa linahitaji kurekebishwa. Lakini kama `ip -br link` inaonyesha `lo` peke yake, hilo si tatizo la jina. Angalia `lspci` na dereva (programu inayoiendesha kadi).

Rezo_Himbi
Jina linasomeka. `en` ni kebo, `wl` ni waifai. `p3` ni basi (njia ya ndani ya kuunganishia kadi) ya PCI namba 3, `s0` ni nafasi ndani ya basi hiyo. Angalia hapa watu wanapojikwaa: `lspci` inaandika namba kwa heksadesimali (msingi wa 16), jina linaandikwa kwa desimali. Kadi ya Intel iliyoko `00:19.0` inaitwa `enp0s25`, na ile ya `00:1f.6` inaitwa `enp0s31f6`.

Namba za basi hugawiwa upya kila mashine inapowaka, kwa kufuata vilivyochomekwa. Ukiweka NVMe, inaweza kuchukua basi ya 3, na kadi iliyokuwa hapo ikasukumwa hadi ya 4. Ukitoa kadi ya waifai, jina linaweza kurudi nyuma. Kadi zilizoko basi ya 0 hazisukumwi hivyo, wala zile za `eno1`, kwa sababu namba yao inatolewa na BIOS (programu ya bodi inayoiwasha mashine) yenyewe. Ila ukisasisha BIOS, pima tena hata hizo.

Kaka_Katindo
Wakubwa, si rahisi kuweka `net.ifnames=0` kwenye `/etc/default/grub`, kupiga `update-grub`, na kurudi kwenye `eth0`?

Rezo_Himbi
Kwa mashine yenye kadi moja tu ya kebo, sawa, itafanya kazi. Kwa seva yenye kadi mbili, hapana, mdogo wangu. `eth0` na `eth1` hugawiwa kwa kufuata kadi ipi imetangulia kutambuliwa na kerneli (kiini cha Linux), na mpangilio huo hauna dhamana. Siku moja upande wa intaneti na upande wa ndani vitabadilishana, na DHCP yako itaanza kugawa anwani upande usio wake. Ndiyo sababu systemd (programu inayoanzisha huduma za Linux) ilileta majina haya mapya mwaka 2013, toleo la 197.

Dawa ya kudumu ni kuipa kadi jina lako mwenyewe na kulifunga kwenye anwani ya MAC (namba ya kadi yenyewe). Isome kwa `ethtool -P enp4s0`, kisha andika `/etc/systemd/network/10-ndani.link`:

```
[Match]
PermanentMACAddress=aa:bb:cc:dd:ee:ff

[Link]
Name=ndani0
```

Weka MAC yako, bila shaka. Usitumie `MACAddress=` peke yake, kwa sababu VLAN na daraja (mitandao pepe inayojengwa juu ya kadi) huazima MAC ya kadi, zikagombea jina lilelile. Usichague `eth0`, litagongana na majina ya kerneli. Jina lisizidi herufi 15. Badilisha jina kwenye faili zote ulizozipata kwa `grep`, kisha `update-initramfs -u` kwa Debian na Ubuntu, au `dracut -f` kwa Fedora na ndugu zake, halafu washa upya. Hatua ya initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza) ndiyo inayosahaulika: kadi inaweza kubatizwa mapema, kabla diski kuu haijafunguliwa, na faili lako likawa halijaonekana.

Mama_Seva
Naongeza la ukuta wa moto, maana hilo linaumiza kimyakimya. Kanuni ya nftables (programu ya ukuta wa moto ya Linux) yenye `oifname "enp3s0" masquerade` inapakiwa bila kosa hata kama kadi hiyo haipo. iptables nayo na `-o` ni vivyo hivyo. Matokeo: seva yenyewe inafungua tovuti, lakini mashine zote za siberi (mkahawa wa intaneti) nyuma yake hazipiti. Ukiona dalili hiyo, usipoteze muda kwenye DNS (utafutaji wa anwani za tovuti). Piga `nft list ruleset` na usome majina. Tazama pia `/etc/default/isc-dhcp-server`, mstari wa `INTERFACESv4`.

Na msifanye kazi hii kwa mbali bila mtu kukaa kwenye kibodi. Huyo mtu mpe onyo: konsoli (skrini ya maandishi) ikiwaka kwa mpangilio wa QWERTY na kibodi ni AZERTY, `ip a` itatoka `ip q`. Abonyeze kama anaandika `loqdkeys fr`, itasomeka `loadkeys fr`.

Kaka_Katindo
Asante, mama. Na simu? Tukikosa mtandao wa ofisi tunachomeka Android kwa USB, kila mara jina jipya.

Mama_Seva
Simu nyingi hutoa MAC ya kubuni, kwa hiyo jina hufuata tundu: `enp0s20f0u2`, ile `u2` ni tundu la USB. Hamisha kebo, jina linahama. Tazama dereva kwa `ethtool -i`. Ikiwa ni `rndis_host`, andika faili la `.link` lenye `Driver=rndis_host` na `Name=simu0`. Simu moja kwa wakati mmoja tu.

Shule_Bukavu
Kwa darasa zima mnalonakili diski moja kwenda mashine nyingi, kufunga MAC hakufai. Kwenye netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu) wekeni hivi, kadi yoyote ya kebo ipokee anwani:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    kebo:
      match:
        name: "en*"
      dhcp4: true
```

Kisha `netplan try`. Usipothibitisha ndani ya sekunde 120, inarudisha mipangilio ya zamani.