Kesadiya: mozarela, cheda, gauda au paniri, ipi inayeyuka vizuri?

Mpishi wa Ilala
Wakuu salaam. Jumamosi nina wageni wanane na nataka kuwapikia kesadiya, yaani tortiya (mkate mwembamba wa Mexico, kama chapati) inayokunjwa na jibini ndani. Dukani nimeona mozarela, cheda, gauda na paniri. Ipi inavutika bila kuacha dimbwi la mafuta kwenye sahani? Jibini ni ghali, sitaki kununua kwa kubahatisha.

Binti Tanga
Paniri iache kabisa, hiyo haiyeyuki. Maziwa yake hugandishwa kwa ndimu au siki yakiwa ya moto, na protini zikishikana hivyo haziachiani tena. Ukizidisha moto inatoa maji na kukauka, basi. Ipikie mchuzi wa mchicha.

Mimi niko Houston, na kwenye maduka ya Wamexico natafuta jibini ya Oaxaca kabla ya nyingine yoyote. Wanaitengeneza kwa kuvuta donge la maziwa ndani ya maji ya moto mpaka liwe utepe mrefu, kisha wanauviringisha kama bonge la uzi. Huhitaji hata kukwaruza: unachambua nyuzi kwa vidole na kuzitandaza juu ya tortiya. Ikipata moto inalainika yote kwa pamoja. Kwa Dar, ndugu yake wa karibu ni mozarela, maana nayo huvutwa kwenye maji ya moto.

Mzee wa Kikaango
Nakubaliana na Binti Tanga, ila chukua mozarela ngumu ya kipande. Ile laini inayoelea kwenye maji italowesha tortiya yako. Tena peke yake imepooza. Mimi nachanganya mozarela vikombe viwili na gauda changa kikombe kimoja: mozarela inavutika, gauda inaleta ladha.

Cheda iliyokaa muda mrefu ndiyo yenye hayo mafuta unayoyaogopa. Kadiri jibini inavyozeeka, protini zake hukatikakatika na kushindwa kushikilia mafuta.

Kiboko ya Jiko
Mzee, kwenye cheda tusiwatishe watu. Cheda changa inayeyuka vizuri na ina ladha ya kutosha bila kuchanganya chochote. Mwenye bajeti ndogo anunue hiyo, atosheke. Ila anunue kipande, akwaruze mwenyewe. Ile iliyokwaruzwa kiwandani hupakwa wanga isigandane, ndiyo maana ikiyeyuka inakuwa na chengachenga.

Wanjiku Mapishi
Na tortiya je? Hapa Nairobi mimi natumia chapati.

Binti Tanga
Chapati ina mafuta yake na tabaka zake, dada, ukiongeza na jibini inalemea. Kanda unga wa ngano, mafuta kidogo, chumvi na maji ya moto, sukuma nyembamba, choma kwenye kikaango kikavu. Kaskazini mwa Mexico wanatumia ngano hivyo hivyo, na jibini yao maarufu kule ni ya Chihuahua, iliyoanzishwa na Wamenoni (watu wa dhehebu la Kikristo) waliohamia kutoka Kanada kuanzia 1922. Kati na kusini ni mahindi. Usijaribu kwa sembe, itapasuka: mahindi yao huchemshwa kwanza na chokaa, ndipo unga unashikana.

Halafu pale Mexico City, kesadiya inaweza kuja bila jibini kabisa, ndani ni uyoga au maua ya maboga. Ukitaka jibini lazima useme. Sisi tunaopika majani ya maboga tungeyajaribu hayo maua pia.

Mpishi wa Ilala
Asanteni sana. Nachukua mozarela ya kipande na gauda. Moto uwe vipi?

Mzee wa Kikaango
Wa wastani, ukielekea mdogo. Moto mkali unaunguza tortiya jibini ikiwa bado ngumu. Jaza nusu tu, kunja, funika dakika moja, geuza. Kwa wageni wanane usizirundike, mvuke utazilegeza. Zipange moja moja kwenye trei ndani ya oveni yenye moto mdogo, ukate wakishakaa mezani.