Kadi za zamani: besboli, wanyama au Star Wars, ipi ina muundo mzuri?

Kipanga_Jinja
Habari zenu. Nataka kutengeneza kadi za wanamichezo wetu wa Uganda, naanza na Akii-Bua, mkimbiaji wa kuruka viunzi, na ile dhahabu ya Munich 1972, halafu nizipeleke Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, wanichapie. Niko na miundo mitatu mezani na nimeshindwa kuchagua: za kampuni ya Topps za besboli za 1952, kadi za Brooke Bond zilizokuwa zikitoka ndani ya pakiti za chai, za wanyama wa Afrika (1961), na za filamu ya Star Wars za 1977 zenye ukingo wa bluu. Ungekuwa wewe ungechukua ipi?

MzeeWaKadi
Topps 1952 ssebo, wala usifikiri sana. Angalia ile ya mchezaji Mickey Mantle, namba 311, foto imepakwa rangi mpaka anga nyuma yake inang'aa, chini kuna kisanduku, jina lake kwa herufi kubwa na saini yake imechapwa hapo hapo, pembeni nembo ya timu. Ukigeuza nyuma unapata takwimu zake. Mtoto akishika hiyo kadi anajua huyu ni nani bila kuuliza mtu.

Dada_Arua
Mzee mi nakataa kidogo. Marehemu mjomba alizileta zile za chai kutoka Uingereza, ninazo kumi na mbili kwenye kopo la biskuti. Mchoraji wake, Tunnicliffe, alichora wanyama wenyewe na mazingira yao, yaani hakuna kitu cha kuvuta jicho pembeni, ni mnyama tu, na kadi yenyewe haifiki hata nusu ya ile ya Topps. Maelezo yote yako nyuma. Mchoro mzuri hauhitaji mapambo.

Kasese77
Dada ni kweli ila kwa michezo mingi Star Wars inasaidia zaidi, kwa sababu walitoa seti tano za kadi 66 kila moja na kila seti rangi yake, bluu, nyekundu, njano, kijani, chungwa. Riadha ipewe bluu, ndondi nyekundu, mpira kijani, mtu anapanga kadi zake kwa kuangalia ukingo tu.

MzeeWaKadi
Rangi ya ukingoni muwe makini nayo jamani! Topps ya 1971 ilikuwa na ukingo mweusi, sasa kila pembe ikigusa kitu kidogo tu wino unabanduka na weupe wa karatasi unaonekana, ndio maana kupata moja safi leo ni shida. Na mashine ya kukatia ikienda upande milimita moja, ukingo wa rangi unaisema wazi.

Kipanga_Jinja
Asanteni sana. Basi ukingo uwe mweupe, rangi ya mchezo naiweka ndani ya kisanduku cha jina, na Akii-Bua nitamchora kwa mkono akiruka kiunzi kwenye leni ya kwanza, nyuma naandika sekunde 47.82, rekodi ya dunia ya siku ile. Saini ndio bado, mwenyewe alishafariki 1997, kwa hiyo kabla ya kuchapa nitaomba ruhusa kwa familia. Dada, ukiweza nipigie picha moja ya zile za kwenye kopo, mbele na nyuma.

Dada_Arua
Jioni nikitoka kazini nakutumia.