Ukumbi wa Kingsbridge: ugawanywe kwa ghorofa au uachwe wazi?

Fundi Chuma (mleta mada): Kule Bronx, New York, kuna Kingsbridge Armory, jengo la wanamgambo wa mizinga lililokamilika 1917. Ukumbi wake wa gwaride ni futi 300 kwa 600, bila nguzo hata moja katikati. Paa lote limebebwa na kenchi za chuma. Jiji lilikabidhiwa 1996. Mwaka 2009 madiwani waliupiga chini mradi wa maduka, kura 45 kwa 1, kwa kuwa mwekezaji aligoma kuwahakikishia wauzaji dola 10 kwa saa. 2013 wakapitisha viwanja 9 vya barafu, pesa haikupatikana. Mimi nasema usigawanywe. Ukijaza ghorofa humo, umebakiza ganda.

Binti Hesabu: Mkuu, uwazi haulipi bili. Joto lote linapanda kwenye kenchi, watu chini wanatetemeka. Ghorofa zinawezekana: simamisha fremu ya chuma inayojitegemea, isiguse kenchi. Zile zilipigiwa hesabu ya paa na theluji; ukining'iniza sakafu hapo unatafuta maafa. Na kwa kuwa chini kuna vyumba, nguzo mpya zipenye hadi kwenye ardhi ngumu, zisiegemee sakafu ya gwaride.

Mzee wa Vumbi: Mnagombania ghorofa, hamjauliza ya risasi. Majengo haya mengi yana chumba cha shabaha chini. Kiswahili kimeita madini na kinachotoka kwenye bunduki jina moja, na hapo ndipo penye kazi: kila kinachogonga ukuta wa kinga kinaacha vumbi la risasi, yaani sumu. Linatua juu ya mihimili na ndani ya njia za hewa. Washa feni, limefika hadi darasa la chekechea. Kwanza zima na uzibe njia za hewa, fungia chumba kwa nailoni. Fyonza kwa mashine yenye kichujio cha HEPA (kinachonasa vumbi laini kabisa), toka juu kwenda chini, kisha futa kwa maji ya sabuni ukiyabadilisha kila mara. Sampuli ziende maabara kabla ya rangi, si baada. Ufagio mkavu marufuku!

Fundi Chuma: Hilo nakubali. Lakini tazameni Fort Washington, Manhattan, jengo jingine la aina hii, la 1911. Miaka ya 1980 walilaza wanaume karibu 1,000 wasio na makazi ukumbi mmoja, hewa moja. Kifua kikuu kingekosaje njia? 1993 riadha ikarudi, njia ya mita 200 yenye kona zilizoinuliwa. Humo Bernard Lagat, mzaliwa wa Kapsabet, alikimbia mita 5,000 kwa 13:07.15 mwaka 2012, rekodi ya Marekani ya mbio za ukumbini kwa wakati huo. Weka nguzo pale uone kama kuna kona.

Binti Hesabu: Na wasio na makazi hawakufukuzwa wote, makazi madogo yalibaki humohumo jengoni. Basi nyumba ziwekwe kwenye vyumba vya mbele, vyenye madirisha tayari. Ukumbini nani atalipia joto?